Timu 13 za Ish Smith

Hotuba kwa vijana wa mpira wa kikapu na wazazi wao, Makande, Mombasa, siku ya kufunga mafunzo ya likizo

Assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wetu, akina mama mliotoka Kisauni na Likoni na jua hili, makocha wenzangu, na nyinyi wanangu mlioketi sakafuni na jezi bado zimelowa jasho, hamjambo nyote?

Nimeombwa niseme juu ya kufanikiwa katika mchezo wetu, na najua majina mnayoyangojea. Hao mnawaona kila siku kwenye simu zenu. Leo nimewaletea mtu mwengine, anaitwa Ish Smith. Anayemjua ainue mkono. Naona mikono miwili, mitatu. Basi tulieni, nina mengi ya kumhusu.

Smith alizaliwa Charlotte, jimbo la North Carolina, Marekani, mwaka 1988. Kimo chake ni mita 1.83 tu. Humu ndani nawaona vijana wa kidato cha tatu wanaompita. Alicheza gadi, yule anayepandisha mpira na kuwapanga wenzake, na tangu 2010 hadi 2024 alivaa jezi za timu 13 za NBA. Ligi yenyewe ina timu 30. Kabla yake hakuna aliyewahi kuchezea timu nyingi kiasi hicho.

Kuna mzazi hapa ameshaanza kujiuliza: mtu aliyeondolewa mara zote hizo ana lipi la kuwafunza watoto wetu? Naijua fikira hiyo. Hapa kwetu kijana akihama timu mara mbili tu, watu husema hatulii, ana kiburi, au kocha amegundua hana kitu. Nataka tuifuate safari ya bwana huyu hatua kwa hatua, halafu kila mtu aamue mwenyewe.

Kila mwaka timu za NBA hukutana kuchagua chipukizi, katika ile shughuli wanayoiita drafti. Mwaka 2010 nafasi zilikuwa 60. Smith alikuwa amemaliza miaka 4 katika Chuo Kikuu cha Wake Forest, kilichoko jimbo lake hilohilo la North Carolina. Majina 60 yakasomwa na lake halikuwamo. Akaenda kujaribu bahati Houston, akaingia kikosini kwa jasho lake. Hajamaliza hata msimu mmoja, Februari 2011, akaambiwa afunge mizigo: amebadilishwa, anakwenda Memphis.

Nataka mjue alibadilishwa na nani. Houston walimtoa Shane Battier pamoja na Ish Smith. Memphis nao walitoa nafasi ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza, wakamtoa DeMarre Carroll, na wakamtoa Hasheem Thabeet.

Naam, Thabeet wetu, mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika drafti nzima. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Mwenye kuzungumza Kiswahili nyumbani kwao alitajwa kabla ya nyota hao wawili, na mwaka mmoja na nusu baadaye akapishana njiani na kijana mfupi ambaye jina lake halikutajwa kabisa. Thabeet akarudi Houston, mji aliosomea sekondari. Baadaye akapita Portland na Oklahoma City, akatoka NBA mwaka 2014, kisha akacheza Japan na Taiwan. Smith aliendelea NBA kwa miaka 13 baada ya siku ile.

Silisemi hili kumshusha Thabeet, na mtu asiondoke hapa akisema nilimshusha. Ni nani mwengine kutoka pwani hii ya Afrika Mashariki aliyefika alipofika yeye? Aliuanza mchezo akiwa tayari kijana wa miaka kama 15, akapandishwa haraka kwa sababu ya kimo chake, na kimo kile kikambebesha matarajio makubwa kabla mchezo wake haujakomaa. Ninalotaka mlione ni tofauti ya vile wawili hawa walivyotazamwa. Mrefu hupewa muda, kwa sababu urefu haufundishiki, na kila kocha anaamini yeye ndiye atakayemfundisha mengine yote. Gadi wa mita 1.83 hapewi muda na mtu. Akiingia uwanjani Jumanne, Jumanne hiyohiyo awe na faida.

Nyinyi wengi wenu ni magadi. Nimewatazama wiki hii yote. Sisi watu wa pwani hatukujaliwa majitu ya mita 2.21 kila mtaa, kwa hivyo habari hii ni yenu.

Miaka iliyofuata nitaipita mbio, kwa sababu hata yeye aliipita mbio. Memphis walimwachilia, Golden State wakamchukua, na huko akamkuta Curry kijana. Golden State wakamwachilia katikati ya msimu, akaenda Orlando. Februari 2013 Orlando wakamtia katika mabadilishano ya JJ Redick, akaenda Milwaukee. Agosti mwaka huohuo Milwaukee wakampeleka Phoenix ili wampate Caron Butler. Mtazameni alivyotajwa kila mara. Jina kubwa ni la mwengine, Battier, Redick, Butler, na Smith ni jina la pili au la tatu katika habari. Mara nyingi mchezaji wa namna yake hutiwa ndani ili hesabu za mishahara ya pande mbili zikaribiane, maana sheria za ligi ile zinadai hivyo. Hakuna aliyekaa kikao akasema mchezo wake ni mbaya. Hesabu ndiyo iliyomhamisha.

Sasa tufike mwaka 2015. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijui mwaka mwengine wa mchezaji yeyote unaofunza kama huu.

Wakati huo Smith alikuwa ameshafika Oklahoma City. Tarehe 19 Februari, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, timu yake ilifanya biashara kubwa. Iliwapokea wachezaji 4, akiwemo gadi mwenye jina, DJ Augustin, na ikawatoa 3, akiwemo Reggie Jackson aliyekwenda Detroit. Likumbukeni jina hilo la Reggie Jackson. Kikosi cha NBA wakati ule kilikuwa na mwisho wake, wachezaji 15. Wanne wakiingia na watatu wakitoka, kuna mmoja wa zaidi, na aliyekuwa wa zaidi ni Smith. Wakampeleka New Orleans, na ili New Orleans wakubali kumpokea wakaongeza na pesa juu. New Orleans hawakumchezesha hata dakika moja, wakamwachilia mara moja. Philadelphia wakamchukua akamalizia msimu kwao.

Msimu ukaisha na mkataba ukaisha. Akaenda Washington kwa maandalizi ya msimu mpya. Siku chache kabla ya ligi kuanza wakamkata jina. Nani akamchukua? New Orleans, walewale waliomwachilia Februari bila kumjaribu. Magadi wao walikuwa wameumia na walihitaji mtu wa kupandisha mpira wiki ileile. Akacheza, akacheza vizuri. Na tarehe 24 Desemba 2015, Philadelphia, ambao kiangazi walikuwa wamemwacha aende zake, wakapiga simu wakitaka kumrudisha, na safari hii walilipa. Walitoa nafasi 2 za kuchagua chipukizi wa raundi ya pili.

Haya, tazameni. Februari timu moja ilitoa pesa ili apate pa kwenda. Desemba, miezi 10 baadaye, timu nyingine ilitoa mali yake ili impate. Mtu ni yuleyule, miguu ni ileile, mkono ni uleule, na mitupo ya mbali haikuwa silaha yake wala hapo kabla wala hapo baadaye. Kilichogeuka ni haja ya watu. Mwanangu, bei unayopewa mwezi wa pili huandikwa na watu wenye shida zao, na shida hizo hugeuka. Lako ni kuwa bado unafanya mazoezi zitakapogeuka.

Hali aliyoikuta Philadelphia ilikuwa ya kusikitisha. Walikuwa wamecheza mechi 31, wameshinda 1. Nasema moja! Vijana wakubwa wa vimo, wenye vipaji, lakini hakuna wa kuwapa mpira pahali wanapoutaka. Smith akafika Krismasi. Tarehe 26 Desemba wakacheza na Phoenix, timu yake ya zamani, ugenini, na wakashinda. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijaona mahali msemo huu ulipotimia kama pale. Philadelphia waliendelea kufungwa, siwafichi, walimaliza msimu na ushindi 10 tu. Lakini Smith alicheza mechi 50 kwao, akawa na wastani wa pointi 14.7 na pasi za kikapu, yaani pasi zinazozaa kikapu, 7.0 kwa mechi. Mtu aliyekuwa wa zaidi kule Oklahoma City.

Kijana mmoja aliniuliza juzi, pale tulipokuwa tukinywa maji: kocha, inawezekanaje mtu afike leo aongoze timu kesho? Ni swali zuri sana, na nilimwahidi nitalijibu mbele ya wote.

Mfikirieni mpishi wa biriani anayeitwa harusini. Anaingia ua ambao hajawahi kuukanyaga, sufuria si zake, kuni si zake, wasaidizi hawajui majina, na baada ya adhuhuri watu mia tano wanataka kula. Mpishi huyo haanzi kwa kuonyesha ufundi wake. Anaanza kwa kuuliza: maji yako wapi, nani ana nguvu za kukoroga, mchele ni wa aina gani. Gadi mgeni kazi yake ndiyo hiyo. Mchezaji wa pembeni anaweza kufika na kujua mambo machache tu: simama hapa, tupa mpira ukiupata, kaba yule. Gadi anatakiwa ajue kazi za wote watano. Kocha huyu akiinua ngumi, ni mchoro gani wa kushambulia? Yule mrefu anapenda mpira juu karibu na ringi au anaupenda chini kifuani? Mtupaji wetu anautaka akiwa amesimama au akitokea nyuma ya kizuizi? Nani akikosa mara mbili moyo unavunjika, nimpe mpira wa rahisi arudi? Mambo hayo gadi mwengine hujifunza kwa msimu mzima. Smith alijifunza kwa siku, tena na tena, katika miji 13.

Na alikuwa na kitu kimoja ambacho hakihitaji kufundishwa upya kila mji: mbio. Mtu mwenye mbio akiupata mpira chini ya ringi yake, anavuka nusu ya uwanja kabla walinzi hawajajipanga, na hapo michoro haihitajiki sana. Ndiyo maana nawakimbizeni kila asubuhi mkanung'unika. Mtupo hutegemea siku. Mbio hazitegemei jezi uliyoivaa.

Sasa rudini kwa Reggie Jackson. Julai 2016 Detroit walimpa Smith mkataba wa miaka 3 wenye thamani ya dola milioni 18. Ndio mara ya kwanza alikaa mahali pamoja miaka mitatu mfululizo. Na gadi nambari moja wa Detroit alikuwa nani? Reggie Jackson, aliyekuwa naye Oklahoma City, aliyehama siku ileile aliyohama yeye. Detroit pia alimkuta Kentavious Caldwell-Pope. Miaka ikapita, Smith akaenda Washington, akaenda Charlotte mji wake wa kuzaliwa, Februari 2022 akarudishwa Washington, na pale akakutana tena na Caldwell-Pope. Kiangazi cha 2022 wakabadilishwa wote wawili pamoja, wakapelekwa Denver. Februari 2023 Denver wakamsajili gadi mwengine. Ni Reggie Jackson!

Watatu hawa walikuwa kikosi kimoja usiku wa tarehe 12 Juni 2023, Denver walipoifunga Miami 94 kwa 89 katika mechi ya tano ya fainali na kuchukua ubingwa wa kwanza katika historia ya timu yao. Smith alikuwa na miaka 34. Katika fainali si yeye aliyetegemewa, Jamal Murray na Nikola Jokić ndio waliobeba mzigo. Lakini jina lake limo katika kikosi cha mabingwa, na Denver hiyohiyo ndiyo ilikuwa timu ya 13.

Ndiyo maana nawaambieni mchunge mnavyoondoka. Dunia ya mpira wa kikapu ni ndogo, na hapa Mombasa ni ndogo zaidi. Kocha unayemtukana leo Tononoka, miaka miwili ijayo utamkuta amekaa meza ya kuchagua kikosi cha kaunti. Mwenzako uliyemnyima pasi kwa chuki utamkuta Nairobi, mko chumba kimoja cha hosteli, na yeye ndiye anayemjua kocha mpya. Ukiondolewa, salimia watu wote, rudisha jezi imefuliwa, ondoka.

Na msidhani waliozunguka ni wale walioshindwa peke yao. Kabla ya Smith rekodi ilikuwa timu 12, na walioishikilia walikuwa wanne. Joe Smith alikuwa chaguo la kwanza la drafti ya 1995, wa kwanza kabisa, na bado alizunguka timu 12. Jim Jackson alikuwa wa nne mwaka 1992. Chucky Brown aliupata ubingwa na Houston mwaka 1995, na Tony Massenburg akaupata na San Antonio mwaka 2005. Namba moja na asiyetajwa wamekuja kukaa kwenye orodha moja, na watatu katika watu hao watano wana pete ya ubingwa.

Hata kwetu tunao. Februari 2021 kule Yaoundé, Kenya iliwafunga Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, kwa 74 kwa 73. Kikapu cha sekunde za mwisho kilikuwa cha Tylor Ongwae, ambaye wakati huo riziki yake ilikuwa Denmark, kwa Bakken Bears. Kwa kikapu kile tulikwenda AfroBasket kule Kigali, mara ya kwanza tangu 1993. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Na mwaka 2025 Nairobi City Thunder wakawa timu ya kwanza ya Kenya kuingia ligi ya mabingwa wa Afrika, BAL. Milango inafunguka, wanangu. Wako miongoni mwenu watakaoitwa kwenda kucheza mbali, wavulana na wasichana. Dada zetu wa KPA, timu ya mamlaka ya bandari, wameshayaleta makombe ya ligi katika mji huu, kwa hivyo wasichana msikae nyuma ninapozungumza habari hii.

Kwa sababu hiyo nataka niseme na wazazi, na hapa nasema kwa uchungu. Smith alihamishwa mara nyingi, lakini kila alipohamishwa mkataba wake ulihama naye. Timu mpya ilipokea deni la mshahara pamoja na mchezaji. Alipoachwa, sheria iliwapa timu nyingine saa 48 za kumchukua pamoja na mkataba wake. Alikuwa na chama cha wachezaji nyuma yake. Mtoto wetu hana hayo. Nimewaona vijana wa mji huu wakiondoka kwa ahadi ya mdomo: njoo, utasomeshwa, utalala bure, utapata posho. Akifika, masomo hayapo. Akiumia goti, hakuna anayepokea simu. Anarudi nyumbani na basi la usiku kwa nauli ya kuchangiwa, na mtaa unasema hatulii. Hapana. Mtoto huyo alidhulumiwa, na ninakasirika kila nikilikumbuka.

Mzazi, ukiletewa karatasi, iombe ukae nayo nyumbani. Tazama tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tazama akiumia nani anamtibu na analipwa muda gani. Tazama wakimwacha katikati nani analipa nauli ya kurudi na ada ya shule iliyobaki. Kama ni timu ya nje ya nchi, muulize wakala kama ana leseni ya FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huu, na usione haya kumuuliza. FIBA pia wana baraza la usuluhishi liitwalo BAT ambalo limewalipisha madeni wachezaji wengi waliodhulumiwa, lakini halipokei kesi mpaka mkataba wenyewe uwe umeandika kwamba mgogoro utapelekwa huko. Sentensi moja tu kwenye karatasi. Ikikosekana, mtoto wako atakwenda kushtaki katika mahakama ya nchi asiyoijua lugha yake.

Na shule. Smith alikaa miaka 4 chuo kikuu kabla hajalipwa senti moja na NBA. Kijana atakayeniambia hana haja ya kumaliza kidato cha nne kwa sababu anakwenda kucheza, mimi simfundishi. Nimeshasema, na mama zenu wamenisikia.

Leo hii baada ya sala ya alasiri nitakuwa pale kwenye meza ya karibu na mlango, pamoja na ndugu yetu wakili aliyejitolea kukaa nasi mpaka magharibi bila malipo. Aliyeshapewa mkataba, au hata ujumbe wa simu wenye ahadi, aje nao tuusome pamoja. Magadi wote mbaki uwanjani. Nitawapangeni timu mpya, na watu ambao hamjawahi kucheza nao, na kila dakika tano nitawabadilisha tena.